Kikokotoo kiwaone na waongoza ndege

Ndugu Mhariri,

Tangu mkupuo, ile sehemu ya pensheni inayolipwa kwa mara moja mtu anapostaafu, upande kutoka asilimia 33, mazungumzo ya kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao, yamepoa huku kwetu Mbeya. Waliokuwa wakilipwa asilimia 50 na mifuko ya zamani sasa wanahesabiwa 40, na wale wa asilimia 25 wanahesabiwa 35. Ni hatua, na naishukuru. Naomba nafasi kwenye gazeti lako nizungumzie kundi dogo ambalo kidonda chake hakiko kwenye mkupuo: waongoza ndege, wale wanaowaelekeza marubani kutoka mnara wa kiwanja. Nimeifanya kazi hiyo hadi nikastaafu, kwanza kwenye kiwanja cha zamani pale mjini, halafu Songwe kilipofunguliwa Desemba 2012.

Nianze na hesabu, maana wengi huisikia tu ikitajwa redioni. PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, huchukua wastani wa mshahara wako wa mwaka kwa miaka 3 iliyo bora ndani ya miaka 10 ya mwisho. Wastani huo huzidishwa kwa idadi ya miezi uliyochangia, kisha hugawanywa kwa 580. Jibu lake ndiyo pensheni ya mwaka kabla haijakatwa. Kwa wale wa kundi la 40, asilimia 40 ya jibu hilo huzidishwa kwa 12.5 ikawa mkupuo, na asilimia 60 inayobaki hugawanywa kwa 12 ikawa pensheni ya kila mwezi. Tuseme mtumishi alikuwa na mshahara wa shilingi milioni 2 kwa mwezi na amechangia miezi 360. Mkupuo wake ni kama milioni 74.5, na kila mwezi atapata kama 745,000. Kwa kikokotoo cha zamani cha PSPF, mmoja wa mifuko iliyounganishwa kuwa PSSSF, kilichogawanya kwa 540, kikazidisha kwa 15.5 na kutoa nusu, mtu huyo huyo angeondoka na milioni 124 mkononi na 667,000 kila mwezi. Ndiyo maana watu walilia.

Sasa tazama ile miezi. Kikokotoo kinahesabu mwezi wa mtu aliyekaa masjala sawasawa na mwezi wa mtu aliyekaa mnarani. Na kwa kuwa kinachoingia kwenye hesabu ni mshahara wa msingi, posho za zamu za usiku hazimo. Ugumu wote wa kazi ile unafutika siku unapokabidhi kitambulisho.

Wasioijua kazi yetu niwaeleze asubuhi moja ya ukungu Songwe. Ndege kutoka Dar imeshafika juu, inazunguka. Nyingine iko chini, abiria wameshafunga mikanda. Rubani wa juu anataka kujua kama mwisho wa barabara ya kurukia unaonekana, kwa sababu mafuta yake yana kikomo na lazima aamue kusubiri au kugeuza. Wewe umesimama dirishani na darubini, unachokiona ni weupe mtupu, halafu taa mbili, halafu weupe tena. Lazima umjibu, na umjibu ukweli, kwa sauti ambayo haitamtia wasiwasi. Hakuna kusema subiri nimuulize mkuu. Kijana wa miaka 30 anaimudu asubuhi hiyo na jioni akacheza mpira. Mtu wa miaka 58 aliyetoka zamu ya usiku juzi yake anaimudu pia, nakuhakikishia, ila mwili unaidai baadaye.

Dunia nzima inalijua hilo. Leseni ya mwongoza ndege haisimami bila cheti cha afya. Hupimwa macho, masikio, moyo, na ukishavuka miaka 40 vipimo vinakuja kwa karibu zaidi. Yaani sheria za usafiri wa anga zinakiri kwamba umri unaigusa kazi hii. Sheria ya mafao haikiri: kustaafu kwa hiari ni miaka 55, kwa lazima ni 60, kama kila mtu.

Marekani waliliona hili tangu 1972. Mwongoza ndege wa serikali kule anaweza kustaafu akiwa na miaka 50 kama ametumikia 20, au kwa umri wowote akifikisha miaka 25 ya kazi, na kwa kawaida akifika 56 lazima atoke mnarani. Hesabu yake nayo ni tofauti: kila mwaka katika 20 ya kwanza humpa asilimia 1.7 ya wastani wa mishahara ya miaka 3 ya juu, na miaka inayofuata asilimia 1, wakati watumishi wengi wa serikali wanaanza na hiyo 1. Kwa ajili hiyo yeye huchangia nusu asilimia zaidi. Sisemi tuige viwango vyao. Kwetu mwaka mmoja wa kuchangia unatoa zaidi ya asilimia 2, na wao wana mafao mengine pembeni. Ninachokitaka ni ule utambuzi, kwamba mwaka wa mnarani una uzito wake.

Pendekezo langu ni hili. Mwaka uliofanyika mnarani uhesabiwe kama miezi 14, na mwenye miaka 25 ya mnarani aruhusiwe kuondoka kwa hiari akiwa na miaka 50. Kwa mshahara ule ule wa mfano, miaka 25 ingekuwa miezi 350 badala ya 300, na pensheni ya mwezi ingetoka kama 621,000 ikafika 724,000. Kama mfuko unahitaji fidia, mwajiri na mtumishi waongeze kidogo juu ya asilimia 15 na 5 wanazochanga sasa. Mimi ningekatwa hiyo nyongeza bila kinyongo.

Wapo watakaosema kila kada itakuja na madai yake. Lakini sheria yetu imekwisha kutofautisha kazi: maprofesa na madaktari bingwa wanastaafu kwa lazima wakiwa na miaka 65, kwa sababu taaluma zao zinaruhusu. Kama umri umeweza kupandishwa kwa sababu ya aina ya kazi, unaweza pia kushushwa.

Nawaomba wabunge wetu wa Mbeya, Songwe na Iringa, ambao hupanda ndege kwenda vikaoni, walipeleke bungeni kabla ya bajeti ijayo. Vijana niliowaacha mnarani bado wana muda wa kunufaika.

Mwongoza ndege mstaafu,
Mbalizi, Mbeya