Jioni zetu melini: mavazi na meza

Habari zenu wapendwa,

Safari imekaribia! Jioni ya pili ni ya mavazi rasmi, ya nne ni ya mavazi meupe. Msijaze masanduku, vazi moja la heshima linatosha.

Ukumbi mkuu wa chakula una zamu mbili: saa 12:00 na saa 2:30 usiku. Mimi napendelea ya kwanza, tuwahi onyesho. Chakula cha hapo kimo kwenye nauli. Migahawa maalumu hulipiwa kando na hujaa mapema.

Tafadhali nijibuni hapa kabla ya Ijumaa saa 3:00 usiku:
1. Zamu unayotaka
2. Chakula kinachokudhuru
3. Mgahawa maalumu: ndiyo au hapana

Asiyejibu namweka zamu ya kwanza, asininunie!