Kipunji hayupo Sanje: kwa nini safari yetu ya Udzungwa ni ya siku mbili

Lalamiko la wageni wa Hifadhi ya Taifa ya Udzungwa kuhusu kipunji, tumbili adimu, ni lile lile kila msimu: "Nimelipa, nimepanda mpaka maporomoko ya Sanje, kipunji sijamwona." Mwezi huu limekuja tena, na mteja akasema wazi kwamba tumemla hela. Tunajibu hapa ili anayepanga kuja ajue analipia nini.

Kipunji hayupo Sanje. Alitambulishwa rasmi kisayansi mwaka 2005, na sensa iliyochapishwa mwaka 2008 ilihesabu wapatao 1,100 tu. Karibu wote wako kwenye mlima Rungwe na msitu wa Livingstone, ulioko upande wa Hifadhi ya Kitulo. Wachache, hawafiki mia, wako Ndundulu, magharibi mwa safu ya Udzungwa, ng'ambo kabisa ya milima ukitokea Sanje. Ndundulu iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), si Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA), kwa hiyo hata kibali chake ni kingine. Anayemtaka kipunji tunamwelekeza Mbeya.

Udzungwa ina wake. Mbega mwekundu wa Iringa, mwenye utosi wa rangi ya kutu na mgongo mweusi, mara nyingi humpata hapo hapo karibu na lango la Mang'ula. Kuna mbega weusi wenye manyoya marefu meupe mabegani, kuna kima, kuna nyani. Halafu kuna mangabei wa Sanje, ambaye hapatikani popote duniani nje ya milima hii. Wanasayansi walimfahamu mwaka 1979 tu. Huyu naye anatugombanisha na wateja. Muda mwingi yuko chini, anapekua majani makavu akitafuta matunda yaliyodondoka na mbegu ngumu anazozivunja kwa meno. Kundi halitulii mahali pamoja, na eneo lake ni kubwa. Njia ya uhakika ni kuingia msituni alfajiri, kundi likiwa halijaenda mbali na miti liliyolala, na kusikiliza mlio wa dume, mzito na wa kubebwa na upepo. Jua likishapanda, wanyama wengi hupumzika na msitu unanyamaza.

Sasa angalia hesabu ya "twende na kurudi siku moja", ambayo wateja wa Iringa mjini hutuomba kila wiki. Unatoka saa 12 asubuhi, unashuka mlima wa Kitonga nyuma ya malori, unapita Ruaha Mbuyuni hadi Mikumi, kisha kilomita kama 60 za barabara ya Ifakara. Hata ukienda vizuri, Mang'ula unafika karibu na saa 6 mchana. Ukimaliza malipo na kupangiwa askari, unaanza kupanda Sanje kwenye joto kali, saa ambayo wanyama wamejificha. Njia yenyewe huchukua kama saa nne kwenda na kurudi. Familia moja iliyobana watu tisa kwenye Noah iligeuzia katikati ya ngazi, haikuona maporomoko wala mangabei, na usiku ikapandisha Kitonga na dereva aliyeshinda kwenye usukani. Kiingilio walilipa chote. Miezi miwili baadaye wakalipa tena, safari hii siku mbili.

Ndiyo maana bei yetu iko juu ya ile ya dereva wa stendi. Ndani yake kuna kulala Mang'ula, posho ya dereva ya siku mbili, mwongozaji, askari mwenye silaha, na kiingilio. Hifadhi hii haina barabara za kuzungukia kwa gari, kila kitu ni kwa miguu, na tembo na nyati wamo. Askari si pambo. Kijana wa barabarani anayekwambia "mimi najua njia ya pembeni" hana ruhusa ya kukuingiza, na mkikamatwa faini ni yako.

Mavazi nayo. Watu wanashuka na masweta ya Iringa, wanakuta joto la bondeni. Vaa suruali ndefu nyepesi, uiingize ndani ya soksi kwa ajili ya siafu na kupe, na mikono mirefu kwa ajili ya upupu. Viatu viwe na soli yenye meno; raba iliyoisha soli kwenye ngazi zenye ukungu ni mguu kuteguka. Maji lita tatu kwa mtu mzima. Chakula kikae ndani ya begi mpaka muwe mbali na nyani, na mwenye mafua asiwasogelee mangabei, maana magonjwa yetu huwaambukiza.

Msimu mzuri wa kutembea ni Juni hadi Oktoba. Machi na Aprili maporomoko ya Sanje, yenye mita zipatazo 170, huwa yamejaa kweli kweli, lakini njia inateleza na mvua ikikolea tunaahirisha. Pesa yako tunahamishia tarehe nyingine, ila sehemu tuliyokwisha kuilipia hifadhi hairudi. Malipo ya lango ni kwa namba ya malipo au kadi, taslimu hawapokei, kwa hiyo tutumie majina kamili na uraia wa kila mtu siku tatu kabla.