Wanangu wa Tanga, msiwakalishe wazee wenu

Wanangu wa Ngamiani, Makorora, Chumbageni na mitaa yote,

Hamjambo. Mnawapenda wazazi wenu, nalijua hilo. Lakini "mama kaa, nitakuletea" likisemwa kutwa nzima, linammaliza mama miguu.

Mtoto huzaliwa na karibu nyuzi zote za misuli atakazokuwa nazo maishani. Akikua, nyuzi zilezile hunenepa na kurefuka kufuata mifupa. Ziko za polepole, zinazostahimili kusimama na kutembea masafa, na ziko za haraka, zinazotoa nguvu ya ghafla, kama ile ya kujizuia mtu akijikwaa. Uzee huanza na hizi za haraka. Hukonda, na neva zinazoziamrisha kutoka uti wa mgongo nazo hufa. Uzi uliokosa neva ukibahatika hupokewa na neva jirani ya polepole, nao ukawa wa polepole. Usipopokewa hufa, na mahali pake pakaingia mafuta na tishu ngumu. Ndiyo maana paja la mzee laweza kuonekana limejaa na nguvu haimo.

Mnaowatembeza jioni Raskazone, endeleeni, moyo unafaidika. Ila matembezi peke yake hayatoshi, kwa kuwa mwili huziita nyuzi za haraka pale tu mzigo unapokuwa mzito au mwendo wa kasi.

Basi chukueni kiti kigumu, mkiegemeze ukutani. Mzee akae ukingoni, nyayo zirudi nyuma kidogo ya magoti, mikono kifuani. Asimame kwa kasi, akae taratibu kwa hesabu ya tatu. Mara 8 hadi 10, apumzike dakika 2, arudie. Siku 3 kwa wiki, zisifuatane. Asibane pumzi, presha itapanda. Akilazimika kujisukuma kwa mikono, kiti ni kifupi mno kwake: wekeni mkeka uliokunjwa. Kifua kikiuma au kizunguzungu kikija, aache mara moja. Mara 10 zikiwa rahisi, akumbatie chupa ya maji ya lita 1.5. Wengi hukwama hapa, miezi inapita kwa mzigo uleule na misuli haina sababu ya kukua.

Mpimeni pia: kusimama na kukaa mara 5 kukizidi sekunde 15, misuli imeshadhoofika.

Chakula nacho. Chai ya rangi na maandazi asubuhi, wali na mchuzi mchana, samaki usiku tu: huko ni kumnyima. Msuli wa mzee unahitaji protini gramu 25 hadi 30 katika kila mlo ndipo ushituke. Yai moja lina gramu 6, glasi ya maziwa 8, samaki aliyepikwa wa gramu 100 zaidi ya 20. Mwenye ugonjwa wa figo aulize daktari kwanza.

Na akilazwa, msimwache kitandani. Siku 10 za kulala tu huweza kumpotezea hata mzee mwenye afya karibu kilo 1 ya nyama ya miguu. Daktari akiruhusu, mkalisheni kando ya kitanda siku ileile, na kesho yake mumsimamishe.

Mzee wenu,
Tanga