Oili ikivuja kwenye injini ya dizeli, tujue kwanza inakotoka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji niwaeleze wenye magari, madereva na mafundi wenzangu jambo ambalo naamini linawagharimu watu fedha nyingi bila sababu, nalo ni desturi ya kubadilisha sili na gasketi (vizibo vya kuzuia oili isitoke) za injini ya dizeli kabla ya kujua oili inatokea wapi na ni kitu gani kinachoisukuma nje. Mimi ni fundi wa injini za dizeli hapa Uyole, Mbeya, kando ya barabara kuu iendayo Tunduma. Magari tunayoyapokea ni Fuso na Canter za mizigo, Hiace za abiria, Land Cruiser za kazi za vijijini, na malori yaliyokwisha kupanda mlima wa Kitonga yakiwa yamejaa. Mengi yana umri mkubwa, na si machache yanayovuja.

Mambo huenda hivi. Mwenye gari huona matone chini asubuhi, hulipeleka gereji, fundi huinama na kuona oili ikidondoka pale injini inapoungana na giaboksi, kisha hapohapo hutamka kwamba sili ya nyuma ya krenki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, imekufa. Giaboksi hushushwa, klachi na flaiwili hufunguliwa, sili mpya hupachikwa, na mwenye gari hulipia kazi nzito. Baada ya muda mfupi matone hurudi, na safari hii lawama hubebeshwa spea, kwamba sili ilikuwa feki. Sili feki zipo, sikatai, ila mara nyingi hata ile ya zamani iliyotupwa haikuwa na kosa lolote.

Sababu yake inaeleweka kwa yeyote atakayetulia kuitazama injini. Oili hushuka chini kwa uzito wake, na upepo wa feni pamoja na ule wa mwendo wa gari huisukuma kuelekea nyuma, hivyo pale chini kwenye kona ya nyuma ndipo hukusanyika mivujo ya injini nzima, hata ile iliyoanzia juu kabisa kwenye gasketi ya kava la tapeti, yaani mfuniko wa juu wa injini. Kwenye injini kadhaa za Toyota, kwa mfano, kuna vipande vya mpira vyenye umbo la nusu mwezi vinavyoziba mwisho wa silinda hedi chini ya kava la tapeti, na vikikauka kwa joto, oili hutiririka nyuma ya hedi, hupita ukutani mwa injini mahali pasipofikiwa na jicho, na kutokea kwenye kengele ya giaboksi (kava linaloiunganisha na injini) kana kwamba inatoka kwenye krenki. Swichi ya presha ya oili nayo hufanya hivyohivyo, kwa kuwa oili hupenya katikati ya swichi yenyewe na kutokea pale waya unapochomekwa, na hiyo ni spea ndogo inayobadilishwa kwa spana moja.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuosha, na ninasema kuosha kwa maana kamili ya neno hilo. Injini yenye tope la oili na vumbi la miaka haiwezi kusomwa na mtu yeyote, awe na uzoefu wa namna gani. Iachwe ipoe, alteneta na mdomo wa kuingizia hewa vifungwe kwa nailoni, kisha isuguliwe kwa sabuni ya kuondolea grisi na kusuuzwa kwa maji yasiyo na nguvu kubwa. Nawasihi sana vijana wa gereji waache kuoshea petroli, kwa sababu mvuke wake hushika moto kwa cheche ndogo ya waya wa betri. Injini ikikauka, ipakwe poda nyeupe ya watoto sehemu zote zinazoshukiwa, gari liendeshwe mwendo mfupi, halafu likaguliwe kwa tochi na kioo kidogo kuanzia juu kwenda chini. Pale juu kabisa palipolowa ndipo oili inapoanzia, na palipolowa chini yake huenda ni njia tu ya kupitia. Gereji zenye uwezo hutia ndani ya oili rangi maalumu inayong'aa chini ya taa ya urujuanimno (UV), na njia hiyo ni nzuri zaidi, lakini poda na subira vinatosha kwa kazi nyingi.

Kabla ya hapo fundi ahakikishe kwamba kinachovuja ni oili ya injini. Aweke boksi jeupe chini ya gari usiku kucha. Oili ya injini ya dizeli huwa nyeusi tititi kwa masizi muda mfupi tu baada ya kubadilishwa, oili ya giaboksi ni nzito na ina harufu kali ya salfa, oili ya usukani kwa kawaida ni nyekundu, na dizeli yenyewe ni nyepesi, hunuka na husambaa upesi kwenye karatasi. Tofauti ya oili ya injini na ile ya giaboksi kwenye kengele pekee inaweza kuokoa kazi yote ya kubadilisha sili isiyohusika.

Sasa niingie kwenye jambo lililonifanya niandike barua hii, yaani ile hali ambayo mafundi tunaiita injini kupumua. Katika kila injini, gesi kidogo ya mwako hupenya pembeni mwa ringi za pistoni na kushuka kwenye sampo (beseni la oili chini ya injini), na mtengenezaji ameiwekea njia ya kutokea kupitia bomba la kupumulia, ambalo ama huishia hewani ama hurudishwa kwenye bomba la kuingizia hewa. Ringi na silinda zikilika, gesi hiyo huongezeka. Bomba la kupumulia likiziba kwa utando wa oili na vumbi, jambo la kawaida kabisa kwa magari ya barabara za vumbi, hata gesi ile ndogo ya injini isiyochakaa hukosa pa kutokea. Presha hupanda ndani ya injini na kutafuta upenyo, kama sufuria ya maharage inavyofuruka mfuniko ukibanwa, na sehemu inayozidiwa kwanza ni ile iliyo dhaifu, ambayo mara nyingi ni midomo ya sili za krenki. Ukibadilisha sili ya nyuma bila kuondoa presha, oili itatokea sili ya mbele, ukibadilisha ya mbele itatokea kwenye kijiti cha kupimia oili, na kila mara utaambiwa umenunua spea mbaya.

Kulipima hili hakuhitaji mtambo. Injini ikiwa imepata moto na inaunguruma kwa sailensa, yaani bila kukanyagwa mafuta, fungua mfuniko wa kujazia oili na utazame. Moshi mwepesi na upepo mdogo ni wa kawaida, lakini moshi mzito unaotoka kwa mapigo na kuurusha mfuniko uliowekwa juu ya tundu bila kukazwa ni dalili kwamba kuna tatizo la ndani au la bomba la kupumulia. Lifunguliwe bomba hilo, lioshwe, lipulizwe, kisha jaribio lirudiwe. Hali ikibaki vilevile ndipo ipimwe kompresheni (mgandamizo wa hewa) ya kila silinda na kulinganishwa na kitabu cha mtengenezaji. Kwenye injini ya 1KD ya Toyota, inayotumika kwenye Hilux, Prado na Hiace, fundi asisahau washa (pete) za shaba zilizo chini ya injekta zinazonyunyizia dizeli, kwa maana zikipitisha gesi, masizi huingia kwenye oili na kuziba chujio lililo ndani ya sampo, na hapo hasara huvuka kiwango cha uvujaji na kuwa ya kuua injini.

Oili inayopotea si lazima itokane na sili au ringi. Injini ya dizeli haizalishi vakyumu (mvuto wa hewa) ya kutosha kusaidia breki, kwa hiyo injini nyingi, zikiwemo 2L, 3L na 5L zilizojaa kwenye Hiace na Hilux zetu, zina pampu ya vakyumu nyuma ya alteneta, na pampu hiyo hulainishwa na oili ya injini kupitia mipira miwili. Mipira hiyo ikipasuka, oili humwagikia alteneta na kuiharibu, na pampu ikikosa oili breki huwa ngumu, kwa hiyo huo ni uvujaji ambao dereva hapaswi kuuahirisha hata kwa siku moja. Kwenye malori yenye breki za upepo, kompresa nayo hutumia oili ya injini, na ikichakaa hupeleka oili kwenye matangi ya upepo. Dereva huona oili inapungua na hakuna hata tone chini ya gari. Afungue koki ya tangi, na akikuta oili ndani, jibu amelipata.

Kuhusu turbo, ile pampu inayoshindilia hewa kwenye injini, nitasema kidogo tu. Utando mwembamba wa oili ndani ya bomba la hewa haumaanishi kwamba turbo imekufa, kwa kuwa mara nyingi oili hiyo imeletwa na bomba la kupumulia. Kikaguliwe kwanza kibomba kinachorudisha oili kutoka kwenye turbo kwenda kwenye sampo, kwa maana kikiziba, hata turbo mpya itavuja. Lakini turbo inayomwaga oili nyingi upande wa hewa isichezewe, kwani injini ya dizeli huweza kuichoma oili hiyo kama mafuta, ikapanda kasi yenyewe na kukataa kuzimika hata ufunguo ukitolewa.

Chanzo kikijulikana, matengenezo yenyewe yanataka usafi kuliko nguvu. Bati la kava la tapeti na la sampo hujikunja mtu akizidisha kukaza bolti, kwa hiyo kingo zinyooshwe juu ya meza bapa kabla ya kuweka gasketi mpya, na bolti zikazwe kidogo kidogo kwa zamu. Silikoni ipakwe uzi mwembamba, tena pale tu mtengenezaji aliposema, na iachwe ikauke kabla ya kutia oili. Inaniuma ninapofungua sampo na kukuta vipande vya silikoni vimelala kwenye chujio la pampu ya oili, kwa sababu mwenye gari alilipa ili oili isivuje, akarudishiwa injini inayokosa oili kwenye beringi. Oili filta ya zamani ikitolewa, fundi aguse kwa kidole kuhakikisha mpira wake haukubaki umeganda, kwa maana mipira miwili ikikutana hupasuka kwa presha na kumwaga oili yote ndani ya dakika chache.

Sili ya krenki, ikithibitika kwamba ndiyo yenye kosa, isipachikwe kabla ya kupapasa krenki yenyewe kwa ukucha. Mdomo wa sili huchimba mfereji kwenye chuma kadiri miaka inavyopita, na sili mpya ikikaa palepale itavuja kama ile ya kwanza. Dawa ni kuipachika ikae mbele au nyuma kidogo ya mfereji, pale nafasi inaporuhusu, au kuvalisha krenki bushi nyembamba ya chuma iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Aina ya mpira nayo izingatiwe. Ule mweusi wa kawaida hukakamaa upesi kwenye joto linalozidi nyuzi 100 na ushee, ilhali ule wa vaitoni huvumilia joto la karibu nyuzi 200, ndiyo maana bei zake hazifanani, na muuzaji wa spea mwaminifu atakueleza bila kuulizwa.

Wako wanaoshauri kutumia oili nzito zaidi au dawa za kuzuia kuvuja zinazouzwa kwa chupa. Oili nzito kuliko iliyoelekezwa huchelewa kufika kwenye tapeti na turbo asubuhi ya baridi, na baridi ya Mbeya mwezi wa Juni na Julai si ya kudharauliwa. Dawa za chupa hulainisha mpira kwa muda, wala haziondoi presha, haziondoi mfereji kwenye krenki, na haziungi mpira uliopasuka. Kujaza oili kupita alama ya juu ya kijiti nako kunaleta uvujaji, kwa sababu krenki huichapa ile oili na kuifanya povu.

Hasara haiishii kwa mwenye gari. Oili inayodondokea ekzosi yenye moto imekwisha kuunguza magari, ile inayofika kwenye klachi huifanya iteleze mlimani, na ile inayodondoka barabarani hulainisha lami na kuhatarisha waendesha pikipiki mvua za kwanza zinaponyesha. Gereji zetu nyingi hazina sakafu, na oili chafu hupenya moja kwa moja kwenye udongo ambao maji yake hushuka kwenye visima na mito ya watu.

Ninaomba vyuo vya ufundi vya VETA viwape wanafunzi muda mrefu zaidi wa kutafuta chanzo cha tatizo, kwa kuwa kijana anaweza kuhitimu akijua kufungua na kufunga injini nzima bila kuwahi kufundishwa kuisoma kabla ya kushika spana. Kwa wenye magari, ombi langu ni kwamba kabla ya kukubali giaboksi ishushwe, mwombeni fundi awaonyeshe kwa macho yenu mahali oili inapoanzia kwenye injini iliyooshwa, na awafungulie mfuniko wa oili injini ikiunguruma mwone inavyopumua. Ayaandike yote mawili kwenye risiti pamoja na idadi ya kilometa za gari, ili fundi atakayefuata, hata kama ni wa mkoa mwingine, ajue aanzie wapi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi wa injini za dizeli,
Uyole, Mbeya.