Dagaa Wako Wamefika, Mama

Oldenburg, Ujerumani

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Na Baba pia nampa shikamoo yake. Mimi ni mzima, mafunzo ya uuguzi yanaendelea vizuri, baridi ndiyo imeanza kukaza. Mdogo wangu akusomee barua hii taratibu, mkishamaliza kula, maana kwenye simu mtandao hukatika kila ninapofika kwenye jambo lenyewe, nawe unabaki kuniuliza, "Umekula?" Nimekula, Mama. Leo nataka kukueleza ninakula na nani.

Nisamehe, siku niliyofika sikukwambia ukweli. Nilisema nimepata chumba. Chumba hakikuwepo. Mtu niliyekuwa nimekubaliana naye alikuwa ameshampa mwingine, na simu akawa hapokei. Ilikuwa saa 3 usiku, nimekaa stesheni juu ya begi, manyunyu hayaishi. Mji mzima nilimjua mtu mmoja tu, dada wa Tabora tuliyekuwa tukiandikiana, yuko mwaka mmoja mbele yangu katika mafunzo. Nilimpigia huku naona aibu. Hakuniuliza swali hata moja. Alikuja na baiskeli, akalifunga begi nyuma, tukatembea mpaka kwa mama mmoja wa Kongo. Akagonga mlango usiku ule kama mtu anayegonga kwa shangazi yake.

Huyo mama kwao ni Uvira. Mtu wa ziwa letu la Tanganyika, Mama, wa kule juu ziwa linakoishia! Aliposikia natoka Kigoma alisema, "Basi umefika kwenu, mutoto," akanivua koti lililolowa. Tangu usiku ule namwita Mama Uvira. Nilikaa kwake miezi 4. Siku niliyotaka kumpa hela ya chumba, alizikunja noti akanirudishia mfukoni, akasema nikanunue viatu vya baridi.

Halafu yakaja makaratasi. Huku ukihamia nyumba una wiki 2 za kwenda kujiandikisha manispaa, na lazima ushike fomu iliyosainiwa na aliyekupa pa kukaa. Bila cheti kile, hata kufungua akaunti ya benki ni shida, na posho ya mafunzo haina pa kuingilia. Mama Uvira alimbembeleza mwenye nyumba wake mpaka akakubali. Dada wa Tabora aliomba ruhusa kazini, akakaa nami kwenye benchi asubuhi nzima, maana Kijerumani changu cha darasani kiliniishia pale dirishani. Mengine walinifundisha kidogo kidogo: taka ipi inakwenda pipa lipi, na kwamba hata kukiwa na baridi kali unafungua dirisha wazi dakika chache, la sivyo kuta zinaota ukungu.

Sasa dagaa. Wale wa Kibirizi uliowafunga kwa gazeti ukawaviringisha ndani ya kitenge. Niliwatoa Jumamosi ya kwanza. Mama Uvira alichukua mmoja, akamvunja kichwa, akamnusa, akanyamaza muda mrefu. "Ndagala," akasema. Ndivyo wanavyowaita kwao. Ana miaka mingi hajakanyaga Uvira, sababu ya vita. Tuliwapika kwa mawese ya duka la Waafrika, nyanya na pilipili, ugali wa unga wa njano kwa kuwa mweupe ulikuwa umeisha. Yule Mnyamwezi wetu, aliyekuwa akidai watu wa Kigoma tunawasifia dagaa kupita kiasi, alifuta sahani kwa tonge la mwisho.

Mwezi uliopita walinipeleka Papenburg, tukabadilisha treni Leer. Ndiko ilikoundwa meli yetu ya Liemba, Mama, mwaka 1913. Ilifunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye makasha, ikasafiri kwa bahari hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli hadi Kigoma. Mafundi wakaiunganisha upya pale kwetu, ikashushwa ziwani mwaka 1915. Nilisimama kando ya mfereji nikiwasimulia, machozi yakanitoka, kwa sababu nami nilifika huku nikiwa vipande, na walioniunganisha walikuwa wamesimama kulia na kushoto kwangu.

Nina maombi, Mama. Nichagulie kitenge kizuri cha Mama Uvira, anapenda bluu. Mama yake dada wa Tabora hajisikii vizuri siku hizi. Akipatikana mtu wa kuaminika anayepanda treni, mpelekee mawese dumu la lita 5 na samaki wetu wa migebuka, wale wakavu, umwambie yametoka kwa nani. Na Jumapili ukinipigia tutakuwa wote watatu mezani. Usianze na mimi. Nitampa simu Mama Uvira, msalimiane kwanza ninyi.

Ni mimi mwanao.