Si umaskini uliochoma nyumba 2013

Ndugu Mhariri,

Kila zikitajwa vurugu za gesi za Mtwara za mwaka 2013, hakosi mtu wa kusema chanzo ni umaskini wa watu wa Kusini. Sikubali. Umaskini tulikuwa nao tangu zamani. Gesi ya Mnazi Bay, huku Mtwara, iligunduliwa mwaka 1982, ikakaa ardhini zaidi ya miaka ishirini, na hakuna aliyechoma hata tairi. Moto uliwaka baada ya watu kuambiwa neema inakuja: viwanja vikapanda bei, vijana wakaanza kusubiri ajira, kisha zikaja habari za bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam. Januari vurugu zikawa Mtwara na Masasi. Mei, siku bajeti ya Nishati na Madini iliposomwa bungeni, ikawa Mtwara tena. Nani alikuwa maskini zaidi Mei kuliko Aprili?

Liwale, mkoani Lindi, vilevile. Aprili mwaka huohuo nyumba zilichomwa kwa sababu malipo ya pili ya korosho yalikuja pungufu ya yale wakulima waliyoahidiwa. Walidai walichokwisha kukihesabu kuwa chao.

Watafiti wa Marekani waliliona jambo hili jeshini mwao wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Askari wa kikosi cha anga, walikopandishwa vyeo haraka, walinung'unikia vyeo kuliko polisi wa jeshi, walikopanda wachache mno. Anayeona wenzake wakipanda ndiye anayeumia akibaki chini.

Sisemi waliochoma walikuwa na haki. Watu walikufa. Hadi nyumba ya mwandishi wa habari iliteketezwa, kana kwamba yeye ndiye aliyelaza bomba. Lakini mabomu ya machozi na mahubiri ya uvumilivu hayamwondolei mtu hisia ya kudhulumiwa. Hesabu huiondoa. Sheria inazipa halmashauri ushuru wa huduma, asilimia ndogo ya mapato ya kampuni, zikiwemo za gesi. Huku kwetu sijaona kiasi hicho kimebandikwa popote, na asiyejua kiasi hukikisia mwenyewe. Mwenye hasira hakisii kidogo.

Minada ya korosho huanza Oktoba. AMCOS, yaani vyama vya msingi vya ushirika, zisome makato ya wakulima hadharani, shilingi kwa shilingi, kabla mzigo haujapelekwa ghala kuu. Halmashauri nazo zibandike mapato ya gesi kwenye ofisi za vijiji, si makao makuu tu, ambako nauli ya bodaboda peke yake humshinda mzee wa Msimbati, kijiji inakochimbwa gesi.

Mkulima,
Nanguruwe, Mtwara