Sheria za leseni zikibadilika, wa magurudumu mawili ndo anaumia

Mhariri,

Naomba kanafasi nitoe la moyoni kuhusu leseni za pikipiki, manake kila wakikaa kubadilisha sheria anayebanwa ni yule yule.

Chukua Umoja wa Ulaya. Tangu tarehe 19 Januari 2013 huko leseni za pikipiki wamezipanga kwa ngazi, unaanza na A1 ukiwa na miaka 16 (nchi zingine zimepandisha umri), cc 125 na nguvu isizidi kilowati 11, halafu A2 mwisho kilowati 35, halafu ndo unafika A yenyewe isiyo na kikomo. Ukipitia A2 lazima uikalie miaka 2 kwanza, ukitaka kwenda A moja kwa moja usubiri ufike miaka 24. Sasa mimi sipingi wazo lenyewe, dogo kapata leseni jana halafu unampa dude la cc 1000, hapo unatafuta msiba. Ila angalia mzigo wake, kila ngazi ni mtihani mwingine au angalau mafunzo ya masaa 7, hela inatoka, siku za kazi zinapotea, na ile pikipiki uliyonunua ya ngazi ya chini unaiuza kwa hasara. Na usidhani utanunua kubwa mapema uifunge nguvu (yaani ipunguzwe isizidi kikomo), kama ilitoka kiwandani na zaidi ya kilowati 70 basi hata uifunge vipi A2 hairuhusu. Kwa hiyo mtu anabadilisha chombo kila akipanda ngazi.

Halafu sasa njoo kwa wenye magari!! Ufaransa mwenye leseni ya gari ya miaka 2 akifanya mafunzo ya masaa 7 tu anapanda cc 125, mtihani hakuna. Ujerumani nao wameruhusu kitu kama hicho, ila wao wanataka uwe na miaka 25 na leseni ya gari ya miaka 5, mafunzo yapo ila mtihani hamna pia. Hivi aliyezoea usukani na mkanda anajuaje kubalansi kwenye kona yenye mchanga kuliko kijana anayeendesha pikipiki kila siku? Na huyo mwenye gari, nchi nyingi akipata leseni yake leo anaruhusiwa kuendesha gari lenye nguvu yoyote ile, hamna cha ngazi wala nini.

Kama mafunzo bila mtihani yanatosha kwa dereva wa gari basi yatoshe na kwetu kupanda ngazi kila mahali, sio nchi hii ndio nchi ile hapana. Na watunga sheria wa nchi zingine wanaotaka kuiga hizo ngazi, tunaomba waseme mapema leseni tulizonazo mkononi zitahesabika vipi, kabla mtu hajaenda kukopa hela ya pikipiki ambayo mwakani atakatazwa kuiendesha.

Ni mimi, mwendesha pikipiki